Kufuma na Kufumua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na watu wa kijiji)



Tumeombwa tuseme nanyi kidogo juu ya kazi za mikono, na jinsi mtu awezavyo kuzidi ustadi katika kazi aliyokwisha kuianza. Tulipoipata barua ya kutuita tulicheka, kwa maana sisi si fundi. Sisi ni karani tu, na kazi itupayo chakula ni kalamu na daftari. Lakini jioni, taa ikiisha kuwashwa, sisi hushika sindano mbili ndefu na donge la uzi wa sufu, tukafuma. Hatufumi kwa kuuza, bali kwa kuipenda kazi yenyewe. Basi yafuatayo ni maneno ya mwanafunzi, wala si ya mwalimu.

Twaona ya kwamba wako hapa wanaotabasamu. Tumezoea. Kule kwetu walisema, “Tazameni, karani mzima mwenye ndevu anafuma kama mwari aliyewekwa ndani!” Nasi twauliza, je, mvuvi si mwanamume? Naye hukaa chini ya mwembe akafuma wavu wake kwa mikono yake. Katika ziwa la Titicaca, nchi ya Peru, kiko kisiwa kiitwacho Taquile, ambako wanaume ndio wafumao kofia za sufu, na watoto wa kiume hufundishwa kazi hiyo tangu udogoni. Sanaa ya nguo za kisiwa kile ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Hata Ulaya, katika karne ya 17 na ya 18, miji kama Strasbourg ilikuwa na vyama vya mafundi wafumaji, na wengi wao walikuwa wanaume. Mtu hakuhesabiwa kuwa fundi mkuu mpaka ametoa kazi ya kuthibitisha ustadi wake, na moja ya kazi hizo ilikuwa zulia kubwa lenye maua na picha. Baadhi ya mazulia yale yamehifadhiwa hata leo. Kwa hiyo kicheko hakitudhuru.

Lakini hatukuja kujisifu. Tumekuja kuwapa khabari ya aibu iliyotupata, kwa kuwa katika aibu ile ndimo tulimojifunza jambo tunalotaka kuwaambia.

Kwetu ni katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Wale mnaokaa nchi za joto huenda msijue jinsi baridi ya Juni na Julai ilivyo huko, ukungu ukishuka mpaka mlangoni na moto usipowaka usiku kucha. Marehemu baba yetu alikuwa mgonjwa wa kifua. Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, mganga wa hospitali alimwambia, “Mzee, dawa nimekupa, lakini baridi ikikuingia kifuani dawa hii haitafaa kitu. Jifunike vema.” Tuliposikia hayo tulisema moyoni, “Sisi tutamfumia sweta nzito kwa mikono yetu wenyewe.” Wakati ule tulikuwa tumejifunza kufuma muda wa miezi minne tu. Mwalimu wetu alikuwa bibi mmoja jirani, mfumaji wa sweta za wanafunzi, naye tulikuwa tumefuma kwake shali mbili na kofia moja. Tulijiona tumefika.

Yule bibi tulipomweleza nia yetu alisema, “Vema, mwanangu. Kwanza fuma kipande kidogo cha kupimia, ukiniletee.” Tukaitikia, “Ndiyo, bibi,” lakini hatukufanya. Tulikuwa na haraka, na kipande kile tulikiona kama kupoteza uzi na wakati. Karatasi ya maelezo ilisema ya kwamba kwa sindano za milimita 4 na uzi wa namna ile, inchi 4 za upana ni vitanzi 22. Tukaamini karatasi, tukaanza.

Hapa yatupasa tueleze kidogo kwa ajili ya wasioijua kazi hii. Kitanzi ni pete ndogo ya uzi. Mfumaji hupitisha uzi ndani ya kitanzi cha chini akavuta kitanzi kipya, na hivyo kila kitanzi hushikwa na kile kilicho juu yake. Nguo nzima ni vitanzi vilivyoshikana, wala hapana kingine. Basi kimoja kikiponyoka katika sindano, kile cha chini yake huachiliwa, kisha cha chini yake tena, na nguo hufanya ufa ulio kama ngazi, utelemkao mpaka chini.

Tuliitaka sweta iwe na mzunguko wa inchi 40, yaani inchi 20 mbele na inchi 20 nyuma. Kwa hesabu ya karatasi, vitanzi 22 katika inchi 4 ni vitanzi 5 na nusu katika inchi moja, na kwa inchi 20 ni vitanzi 110. Hesabu ile haikuwa na kosa, ila mkono wetu haukuwa mkono wa yule aliyeiandika karatasi. Sisi tulikuwa tukifuma kwa kulegeza, na katika inchi moja tulipata vitanzi 5 tu. Haya, gawanyeni 110 kwa 5. Mbele ikawa inchi 22, na nyuma inchi 22, jumla inchi 44. Tazameni jinsi kosa la nusu kitanzi lilivyozaa inchi 4 za upepo kumzunguka mtu mgonjwa.

Tena si hilo tu. Karibu na kwapa la kuume kitanzi kimoja kiliponyoka, nasi hatukukiona mpaka tulipokuwa tumekipita kwa mistari zaidi ya 20. Kufumua mistari ile ilikuwa kazi ya jioni tatu. Tukasema, “Nani atatazama kwapani?” Tukafunga fundo la uzi juu yake, tukalifunika, tukaendelea. Mwezi wa Mei mwishoni tulimpelekea baba sweta yake, naye alitubariki kwa furaha.

Juma la pili la Juni palikuwa na mkutano wa kijiji juu ya mpaka wa shamba la ukoo wetu na la jirani. Baba alikwenda amevaa sweta ile. Zamu yake ya kusema ilipofika alisimama, akanyosha mkono kuonyesha ulipo mti wa mpaka. Fundo letu likakatika. Mbele ya watu wote ufa ukafunguka chini ya kwapa, ukatelemka polepole ubavuni mpaka shati la ndani likaonekana. Vijana wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, “Hiyo ndiyo kazi ya karani!” Baba hakugeuka. Aliushusha mkono, akaubana ubavuni, akayamaliza maneno yake, kisha akaketi.

Jioni ile tulimwendea hatujui la kusema. Alitutazama, akaipapasa ile nguo, akasema, “Mwanangu, uzi wake ni mzuri.” Hakuongeza neno. Neno lile lilituuma kuliko kicheko cha vijana wote.

Mama yetu ni mzaliwa wa pwani ya Tanga, na tangu usichana wake husuka ukili wa mikeka. Naye alikuwa ameketi jikoni akisikia. Aliichukua sweta, akaigeuza nje ndani, akaliona fundo tulilolificha. Akasema, “Ulijua.” Tukasema, “Ndiyo, mama, nilijua.” Akasema, “Mimi nikisuka ukili, nikaona chane moja imepanda isipopaswa, narudi nyuma nikaifumua, hata iwe nimefika dhiraa. Kwani ukili ukipinda, mkeka mzima hupinda, na kila alaliaye mkeka hulalia kosa langu.” Kisha akaturudishia ile nguo, akasema neno moja, “Fumua.”

Basi tulifumua. Miezi miwili ya kazi tuliifumua kwa jioni mbili. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kama nywele. Tuliuzungusha juu ya mgongo wa kiti, tukaufunga mahali pane ili usichafukane, tukaulowesha katika maji ya vuguvugu, tukautundika kivulini na kitu kizito kidogo chini yake. Ulipokauka ulikuwa umenyooka kama mpya. Hapo ndipo tulipofahamu ya kwamba muda na kazi vilikuwa vimepotea, lakini uzi haukupotea. Na mkono uliofuma mara ya kwanza haukuwa tena mkono wa mtu asiyejua.

Tulirudi kwa yule bibi, tukamwambia kweli yote. Hakutukemea. Alisema tu, “Sasa umekuwa mwanafunzi. Leta kipande.” Tukafuma kipande cha vitanzi 30, tukakifua, tukakikausha, tukakilaza juu ya meza pasipo kukivuta, tukapima kwa futi kamba inchi 4 za katikati, kwa kuwa vitanzi vya ukingoni husema uongo. Tulipata vitanzi 20. Tukajua mkono wetu ni vitanzi 5 kwa inchi, na inchi 20 zataka vitanzi 100, wala si 110. Yako mambo ya miaka mingi ya kufuma, lakini jambo hilo ni la jioni moja, nasi tulilikataa kwa haraka. Haraka haraka haina baraka.

Baadaye tulisoma khabari za bibi mmoja aitwaye Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910, akaishi Marekani, akafariki mwaka 1999. Aliwafundisha watu wengi kufuma, kwa vitabu na kwa televisheni. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 alisisitiza hilo hilo, kwamba mfumaji aanze kwa kuupima mkono wake mwenyewe, kisha ahesabu kwa kipimo cha mwili wa atakayeivaa nguo, wala asiwe mtumwa wa karatasi ya mwingine. Tulifurahi kuona ya kwamba bibi yetu wa Usambara, asiyesoma kitabu kile, alikuwa akifundisha yale yale.

Haya, mabwana na mabibi, tuwape kwa ufupi mambo manne tuliyojifunza, nanyi mtaona kama yafaa pia kwa useremala, ufinyanzi, ushoni au kusuka.

La kwanza, upime mkono wako kabla ya kuipima kazi. Kipimo cha fundi mwingine ni kweli kwake. Fanya kipande kidogo, ukose katika kipande kidogo, ndipo uende kwenye kikubwa.

La pili, jifunze kuisoma kazi yako. Zamani sisi tulihesabu kwa midomo tu, na mtu akitusemesha tulipotea. Siku hizi twatazama. Kitanzi kikitazamwa kwa mbele hufanana na herufi V, na kwa nyuma hufanana na kituta kidogo. Mwenye kuyajua hayo mawili hahitaji kuuliza alipofika, kwa sababu nguo yenyewe humwambia. Kila mwisho wa mstari tunasimama kidogo, tunatazama nyuma. Kitanzi kilichoponyoka mstari ule ule hurudishwa mara moja kwa kulabu ndogo. Kilichopitwa na mistari 20 hutaka subira. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu, jiwekee uzi wa akiba. Ukifika mahali ambapo kazi ni sahihi, na mbele yako kuna sehemu ngumu, chukua uzi mwembamba wa rangi nyingine, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo katika sindano, uuache humo. Ukikosa huko mbele, utafumua bila hofu, kwani vitanzi vitasimama kwenye uzi ule. Sisi tuliona ya kwamba mtu asiye na uzi wa akiba huogopa kujaribu jambo jipya, na asiyejaribu jambo jipya hubaki pale pale miaka kumi, akifuma shali ile ile.

La nne, andika. Hapa ukarani ulitufaa. Tuna daftari ndogo ambamo twaandika sindano gani, uzi gani, vitanzi vingapi, na kosa gani lilitukia. Makosa yetu yote yamo humo, na ndiyo kurasa tunazozisoma mara nyingi zaidi. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini ni kwa yule tu akumbukaye alipopotea.

Huenda mtu akauliza, “Ya nini taabu yote hii, na sweta za mitumba zimejaa sokoni kwa bei rahisi?” Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kuwadanganya. Mashine hufuma upesi kuliko mkono. Mwingereza mmoja, William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi tangu mwaka 1589. Sweta ya mkono huenda na jioni nyingi mno. Mgongo peke yake wa sweta ile ya baba, wenye vitanzi 100 upana na mistari 7 kwa kila inchi ya urefu, ulikuwa na vitanzi zaidi ya 15,000. Ukimlipa mtu kwa kila kitanzi hutapata mnunuzi. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba sindano mbili zitawatajirisha. Tena mitumba yenyewe yaweza kumfaa mwanafunzi, kwa kuwa sweta kuukuu ni uzi wa bei nafuu wa kujifunzia. Ila utazame mishono yake ya ubavuni kabla hujanunua. Ikiwa vipande vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa, uzi utatoka mrefu. Ikiwa nguo imekatwa kwa mkasi na ukingo wake kushonwa kwa mashine, utapata vipande vifupi vya uzi, na fedha yako imekwenda.

Lakini faida tuliyoipata si nguo tu. Sisi makarani tumefundishwa kwamba kosa katika daftari ni aibu, na mtu huzoea kuficha. Kufuma kumetufundisha njia nyingine. Kosa lililofichwa halikai pale lilipofichwa, bali hungoja siku ya mkutano. Kosa lililofumuliwa huwa somo, na uzi wake bado wafaa.

Walimu, neno hili twalisema kwenu kwa heshima. Mtoto akikosa hesabu, asionyeshwe alama nyekundu tu akaachwa na haya yake. Aulizwe, “Kosa lilianza mstari wa ngapi?” Arudi hadi pale, afumue, aanze tena. Atakayeona kwamba kufumua si fedheha hatajifunza kufunga mafundo ya siri. Nanyi wazee mnaoamua mashauri, mwajua kuliko sisi ni magomvi mangapi yalikuwa kitanzi kimoja siku ya kwanza.

Tumalize khabari ya baba. Sweta ya pili ilikwisha mwisho wa Julai, na baridi ilikuwa bado. Ilimkaa barabara. Mkutano uliofuata aliivaa, akasimama mahali pale pale, akaunyosha mkono wake wote kuelekea kwenye mti wa mpaka, akaukalisha hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hapana aliyecheka. Alipopita mbele yetu alisema polepole, “Sasa na kazi ni nzuri.”

Aliivaa majira matatu ya baridi. Alipofariki, na siku za matanga zilipokwisha, mama alituita, akatupa ile sweta imekunjwa vizuri. Tulidhani anatupa tuiweke kuwa kumbukumbu. Akasema, “Wajukuu wake wana baridi. Fumua.” Mikono yetu ilikuwa mizito kuliko mara ile ya kwanza, kwa kuwa safari hii hapakuwa na kosa la kufumua. Lakini tulifumua, tukaufua uzi, tukaunyosha, tukapima. Ulitosha sweta mbili za watoto, na mabaki yakawa kofia. Watoto wale wamekwisha kukua, na nguo zile zimekwisha kufumuliwa tena kwa ajili ya wadogo wao.

Basi ndugu zetu, mtu ye yote miongoni mwenu apendaye kujifunza, aje kwetu jioni pamoja na sindano zake na uzi kidogo. Asione haya kwa kuwa hajui, wala kwa kuwa ni mwanamume. Tutamwonyesha tunayoyajua, naye huenda akatuonyesha tusiyoyajua. Twamwomba jambo moja tu, aje na kipande cha kupimia.